Mafunjo, miamba au Rubondo: uchague uvuvi gani wa kuongozwa ukiwa Mwanza

Anayetaka kuvua kwa mshipi katika Ziwa Victoria akiwa Mwanza, akiongozwa na mtu anayeyajua maji, ana njia tatu. Ya kwanza ni kuingia pembezoni mwa mafunjo kwa mtumbwi wa makasia au wenye mashine ndogo, kutafuta sato, kambare na kamongo. Ya pili ni boti yenye mashine ya nguvu, kuzunguka miamba na ncha za visiwa hadi maji ya wazi ya ghuba, kumwinda sangara. Ya tatu ni safari ya kisiwa cha Rubondo, ambako sangara huvuliwa ndani ya hifadhi na kurudishwa majini. Wengi wanaoniomba ushauri huwa wanaiota ya tatu, huishia kulipia ya pili, na ya kwanza hawajawahi kuisikia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama hujawahi kushika mshipi ziwani, anza na mafunjo. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia ni nani asinisikilize.

Hewa ya majini ndiyo inayowapanga samaki

Mafunjo ukiyatazama kutoka nchi kavu, kwa mfano upande wa Magu ambako Mto Simiyu unaingia Ghuba ya Speke, yanaonekana kama ukuta mmoja wa kijani usio na mlango. Ndani yake maji yamelala. Majani yaliyokufa yanaoza chini na kuila oksijeni, kivuli kinawanyima mwani mwanga wa kutengeneza nyingine, na upepo haufiki kuyakoroga maji. Sangara hawezi kukaa humo kwa muda, maana ni samaki anayetaka oksijeni nyingi. Kamongo anaweza, kwa sababu ana mapafu na hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Kambare naye ana kiungo cha kupumulia hewa. Baadhi ya furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wanavumilia. Sato wachanga hukaa pale ukingoni, kwenye mstari ambapo mashina yanakutana na maji ya wazi, mahali penye chakula na pa kujificha.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameijaa Ghuba ya Mwanza. Furu, ambao ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500, walipungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Waliosalimika walisalimika zaidi katika sehemu mbili: nyufa za miamba na mafunjo. Hata sato tunayemla kila siku aliletwa katika kipindi hicho hicho cha miaka ya 1950, na ngege, ndugu yake wa asili, akaachia nafasi. Kwa hiyo ukiingia kwenye mafunjo unaingia kwenye kipande cha ziwa walilolijua babu zetu, na mimi kila nikiingia humo nashusha sauti bila kuambiwa.

Hii ndiyo maana siwezi kukwambia njia moja ni bora kuliko nyingine kwa jumla. Samaki wa mafunjo hayuko katikati ya ghuba, na sangara mkubwa hayuko ndani ya mafunjo. Anayekuahidi vyote viwili kwa asubuhi moja hajakwambia kweli.

Asubuhi moja kwenye mafunjo

Mwaka jana nilimpeleka mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, kwa mzee mmoja mvuvi kwenye mwalo (mahali wavuvi wanapopandisha mitumbwi) wa upande wa Magu. Tulifika kabla ya saa kumi na mbili. "Shikamoo babu," mtoto akasema. "Marahaba mjukuu wangu, umekuja kuvua au kulala?" Kisha akamvalisha boya la kuogelea yeye mwenyewe, akakaza mikanda, akamwinua kwa mabega ya lile boya kuona kama litampanda kichwani. Halikupanda. Hapo ndipo tuliposukuma mtumbwi.

Alipofika kama hatua hamsini kutoka kwenye mafunjo akazima mashine, akachukua upondo. Tangu hapo hakuna aliyezungumza kwa sauti. Mzee hakuwa anatazama maji, alikuwa anatazama mashina. "Ona lile," akanong'ona. Bua moja kati ya mamia lilitikisika, likatulia, likatikisika tena, na upepo hakuna. Chini yake kulikuwa na samaki anayegonga shina akila. Upande wa ndani tukasikia kitu kama mtu anayekunywa uji wa moto kwa haraka: kamongo amepanda kuvuta hewa na kuzama.

Hakukuwa na fimbo wala vifaa vya gharama. Mshipi ulizungushiwa kipande cha mti, ndoano ndogo, chambo nyungunyungu aliochimba jana yake kwenye bustani ya mchicha. Alichukua kidole cha shahada cha mtoto akaulaza mshipi juu yake, akamwambia, "Akigusagusa, mwache. Anaonja. Akiuondoa mshipi kidoleni, hapo ndipo unavuta." Mtoto alivuta mapema mara nne. Mara ya tano alisubiri, na nilimwona macho yanavyobadilika kabla mkono haujasogea.

Kuna kitu kwenye kasia la yule mzee ambacho tangu siku ile nakitafuta kwa kila mwongozaji. Alikuwa amechonga alama mbili. Ya kwanza iko sentimita 25 kutoka ncha ya mpini, ya pili sentimita 50. Kila sato alilazwa kwenye kasia, pua kwenye ncha. Asiyeifikia alama ya kwanza alirudi majini pale pale, bila mjadala, kwa sababu sheria ya uvuvi hairuhusu sato wa chini ya sentimita 25 wala sangara wa chini ya sentimita 50. Tulishika samaki kumi na moja, tukabaki na watatu. Mtoto hakulalamika hata mara moja. Yeye ndiye aliyekuwa akipima.

Kwa anayejifunza, hakuna darasa linalozidi hilo. Samaki wanagusa mara kwa mara, kwa hiyo kosa unalifanya na kulirekebisha asubuhi ile ile. Ukuta wa mafunjo unakukinga na upepo. Nchi kavu iko karibu. Gharama ni ndogo kwa sababu mafuta yanayochomwa ni kidogo, na mara nyingi fedha yako inaingia moja kwa moja mkononi mwa mvuvi.

Sasa ubaya wake. Mbu wapo, na kuanzia saa nne jua linachoma kwa sababu hakuna upepo wa kulipoza. Viboko na mamba hukaa maeneo hayo hayo, ndiyo maana mwongozaji wa mafunjo lazima awe mtu wa mwalo ule ule, anayejua kiboko gani amehamia wapi wiki hii. Mafunjo nayo yanatembea: upepo mkali wa usiku hukata vipande vikubwa, vikaelea kama visiwa, na njia uliyoingilia asubuhi inaweza kuwa imefungwa mchana. Magugu maji hufanya hivyo hivyo, hasa kwenye vipembe vya Ghuba ya Mwanza.

La uzito zaidi ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake wanapenda hasa maji yaliyotulia yenye majani, yaani mahali pale pale ninapokusifia. Vimelea huingia kupitia ngozi ukiwa ndani ya maji. Usishuke kusukuma mtumbwi kwa miguu mitupu, usimwache mtoto aning'inize miguu majini, na panda na kushuka mahali penye jiwe au gati. Kama uliingia majini, kapime baadaye kituo cha afya. Dawa ipo na inafanya kazi.

Boti, miamba na maji ya wazi

Njia ya pili ni ya mtu anayetaka kuvutwa. Sangara akishika ndoano huenda chini kwa nguvu, kisha hupanda na kurusha kichwa nje ya maji ili aitikise itoke. Hata wa kilo saba au nane anakuachia mikono inayotetemeka. Sangara mkubwa zaidi anayetambuliwa duniani kuwa alivuliwa kwa fimbo alikuwa na kilo 104.3, na alitoka Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000. Usiende Ghuba ya Mwanza ukimtarajia huyo. Ghuba hii inavuliwa kila usiku kwa nyavu na migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi), na sangara wengi wanatolewa wakiwa bado wadogo.

Boti hufanya mambo mawili. Inaweza kwenda polepole ikivuta nyuma chambo bandia chenye umbo la samaki, sambamba na ncha za miamba, kwa sababu sangara huvizia pembeni mwa mawe wanakojificha furu. Au inasimama, na wewe unashusha samaki mdogo aliye hai kwenye ndoano. Jicho la sangara limeumbwa kwa mwanga hafifu, kwa hiyo saa nzuri ni alfajiri na magharibi. Saa sita mchana unamlipa nahodha akutembeze. Siku za giza, mwezi usipokuwepo, taa za wavuvi wa dagaa hujaa ziwani na sangara hufuata dagaa kwenye taa hizo. Mwongozaji anayejua atapita kandokando yao alfajiri wanapofunga kazi, bila kukatiza nyavu zao.

Bei yake usiijadili kwa siku, ijadili kwa mafuta. Mashine ya farasi 15 ikikimbia kwa nguvu zote hula takriban lita 6 kwa saa. Ya farasi 40 hula takriban lita 15. Ukijua unakwenda umbali gani, na kwamba wakati wa kuvuta chambo mashine inakwenda taratibu, unaweza kuipiga hesabu ya mafuta mwenyewe kabla hujaambiwa bei. Mwongozaji mkweli hufurahi ukiuliza, maana anajua hutamlaumu.

Hapa kipimo ni upepo. Usiku ziwa hutoa ngurumo na mvua ambazo mara nyingi humalizikia asubuhi, na kuanzia mchana upepo wa ziwani huanza kupuliza kuelekea nchi kavu na kuinua mawimbi. Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huwa mkali, na likizo nyingi zinaangukia humo humo. Nilitoka Julai moja na boti ya watu waliojitangaza vizuri sana. Tulikuwa sita, maboya ya kuogelea yalikuwa manne. Niliona hilo tukiwa bado gatini, nikanyamaza kwa kuona haya mbele ya wageni wangu. Saa tano upepo ukageuka, maji yakaanza kuingia, na nahodha akawa anamwangalia kijana aliyepokea fedha, na yule kijana akawa ananiangalia mimi, kama vile mimi ndiye wa kusema turudi. Nilisema. Tulirudi tumelowa, bila samaki, na dada mmoja kati yetu hajapanda boti tena hadi leo. Kunyamaza kwangu pale gatini ndiko ninakokujutia.

Kwa hiyo siandiki juu ya maboya kama mapambo. MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Ukaribu wa nchi kavu haukuwaokoa. Boya moja kwa kila mtu, limevaliwa na kufungwa, iwe kwenye boti kubwa au mtumbwi wa mafunjo. Boti ya kubeba abiria uulizie pia cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalokagua usalama wa vyombo vya majini.

Njia hii nampa mtu aliyekwisha kuvua, asiyesumbuliwa na mawimbi, na aliye tayari kurudi mikono mitupu. Ukienda na watoto au wazazi, hapana.

Rubondo

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ilianzishwa mwaka 1977 na ina kilomita za mraba zipatazo 457 za nchi kavu na maji. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi humo, na hilo peke yake ndilo linaloeleza kwa nini sangara wake ni wakubwa kuliko wa kwetu: wameachwa wakue. Unavua kwa kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, unapiga picha, unamrudisha. Nzohe, wanyama jamii ya swala, wanatembea kwenye majani ya kinamasi, furukombe, tai wala samaki, wanalia juu ya kichwa chako, na sokwe walioletwa miaka ya 1960 wamezaana msituni.

Gharama yake si viingilio, maana Mtanzania hulipa kwa shilingi na kwa kiwango kilicho chini sana ya mgeni wa nje. Gharama ni njia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 safari ya gari imepungua kero ya kusubiri kivuko, lakini bado unakwenda Sengerema, Geita, hadi upande wa Chato, kisha boti. Usiku mmoja hautoshi. Panga miwili au mitatu, mwende watu wanne mgawane boti.

Kurudisha samaki kuna ufundi wake. Sangara akipandishwa haraka kutoka kina kirefu bondo, kifuko cha hewa cha tumboni, hujaa hewa na hawezi kuzama tena. Na kwa kuwa anataka oksijeni nyingi, akipigana muda mrefu huchoka vibaya. Anayejua humpandisha taratibu akitoka kilindini, hamtundiki kwa taya, humshikilia majini kichwa kikielekea mkondo mpaka mkia uanze kupiga wenyewe. Mwongozaji anayemwachia samaki kwa kumtupa kama gogo, hata awe na boti ya kifahari, mimi simrudii.

Na wanaoniuliza juu ya pwani

Wapo wanaotaka maji ya chumvi, kwenye mikoko ya Pangani au delta ya Rufiji. Ni uvuvi mzuri wa kuongozwa, lakini akili yake ni nyingine. Kule bwana wa siku ni maji kujaa na kupwa: samaki huingia mikokoni maji yakijaa na kutoka nayo yakipwa, na mwongozaji hupanga safari kwa bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Ziwani kwetu kupwa na kujaa hakuna kwa maana ya kukipangia chombo safari. Tunapanga kwa upepo na mwezi. Nahodha wa pwani aliyebobea akija Mwanza ataanza kujifunza upya, na wa kwetu akienda kule vivyo hivyo. Kwa nauli ya kutoka hapa hadi Rufiji unapata asubuhi kadhaa za mafunjo.

Kabla hujatoa fedha

Uvuvi wa burudani nao unahitaji leseni. Afisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuulizwa, na BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo, watakwambia mazalia yapi yamefungwa. Hili ni muhimu zaidi kwenye mafunjo, kwa sababu sehemu zinazovutia ndizo samaki wanakozalia. Usitupe mshipi ndani ya mipaka ya hifadhi ya kisiwa cha Saanane bila kibali, hata kama iko hatua chache kutoka mjini. Na mtu akikupeleka mahali ambako wenzake wanavuta kokoro (wavu wa kuburuta), ujue kokoro limepigwa marufuku na wewe usije ukaonekana mwenzao.

Sikuhizi nikimtafutia mtu mwongozaji, sianzi na bei wala aina ya samaki. Namuuliza mwongozaji: upepo ukibadilika, nani anaamua turudi? Yule mzee wa Magu nilimuuliza siku ya kwanza, akaendelea kusokota mshipi wake kwenye kile kipande cha mti. "Mimi," akasema. "Na fedha iliyobaki nakurudishia mwaloni." Tuliporudi mwaloni siku ile saa nne kasoro, na anga upande wa Ukerewe limeanza kuwa jeusi, alihesabu noti mbili akamkabidhi mtoto, azibebe yeye.